Nani Alifaidika? Swali la Wamaksi kwa Historia ya Kanisa

Mwaka 1893 mambo mawili yalianza kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati ule Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huko Tanga ilianza kujengwa reli ya kuelekea Usambara. Na huko Machame, Kilimanjaro, wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao. Je, mambo hayo yalihusianaje? Katika makala haya tunakusudia kulipima jibu la Wamaksi, kwa kuwa hatuwezi kufundisha historia ya Kanisa huku tukilikwepa swali lao.

Karl Marx mwenyewe hakuacha nadharia kamili ya ubeberu. Waliomfuata ndio walioijenga. Mwaka 1913 Rosa Luxemburg alieleza kwamba ubepari hauwezi kukua pasipo kuzimeza jamii zisizo za kibepari. Lenin, akiandika Zürich mwaka 1916, alifundisha kwamba mabenki na viwanda vikubwa vilivyoungana vilitafuta nchi za nje pa kuwekeza mitaji, na hivyo mataifa yakagawana dunia. Mwaka 1972 Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliitazama hoja hiyo kutoka Afrika: reli za wakoloni zilielekea baharini ili kusafirisha mazao, wala hazikukusudiwa kuwaunganisha Waafrika. Wamisionari nao aliwahesabu miongoni mwa majeshi ya ukoloni.

Je, nadharia hii yatosha? Koloni hii haikuitajirisha hazina ya Ujerumani. Iliishi kwa ruzuku. Tena mitaji mingi ya Kijerumani ilikwenda Ulaya na Amerika, si Afrika. Hapo Lenin anapungukiwa. Walakini Mwingereza J. A. Hobson, ambaye hakuwa Mmaksi, alikwisha kuonyesha mwaka 1902 kwamba taifa laweza kupata hasara huku wachache wakineemeka. Hasara ya koloni yetu ilibebwa na mlipa kodi wa Ujerumani na, zaidi sana, na Mwafrika aliyetozwa kodi na kulazimishwa kulima pamba, hata vikazuka Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1956 vifaru vya Umoja wa Kisovieti viliikandamiza Budapest, na mwaka 1968 viliingia Prague. Huko hakukuwa na bepari aliyetafuta faida. Tamaa ya kutawala, basi, haikai katika mtaji peke yake. Yakaa pia moyoni mwa mwanadamu.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya fundisho la dhambi ya asili. Ni kweli kwamba mmisionari kama Bruno Gutmann aliogopa ustaarabu wa fedha usije ukavunja vifungo vya ukoo wa Wachagga. Lakini naye alifanya kazi chini ya kivuli cha dola. Kutambua hayo si kuikana Injili tuliyohubiriwa. Ni kukiri kwamba ililetwa katika vyombo vya udongo.

Mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwataka wahubiri dhidi ya riba, na Marx alimnukuu katika kitabu chake juu ya mtaji. Swali la nani anafaidika na nani anagharimika lilikuwa letu kabla halijawa la Wamaksi. Yatupasa kuliuliza tena, tukianzia na kumbukumbu za sharika zetu wenyewe.