Magurudumu ya Mbele Nayo Yavute

Sote twajua kamioni iliyokwama ni jambo gani. Mvua imenyesha usiku kucha, barabara imegeuka tope. Shofere anaongeza moto, injini yalia, na magurudumu ya nyuma yazunguka pale pale yakijichimbia shimo. Sasa tazameni yale ya mbele: yametulia kabisa, hayavuti wala hayasaidii. Abiria washuka, wengine wakata matawi, wengine wasukuma. Leo twapenda kuwaeleza habari za mafundi waliojiuliza swali jepesi: kwa nini magurudumu mawili yafanye kazi, na mawili yatazame tu?

Jinsi kamioni za zamani zilivyojengwa

Kamioni nyingi za zamani zilijengwa kwa namna moja. Injini ilikaa mbele, nayo ilipeleka nguvu zake katika sanduku la gia. Toka hapo chuma kirefu chenye kuzunguka, ndicho shafti, kilipita chini ya shasi mpaka ekseli ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yalisukuma gari lote. Ya mbele yalikuwa na kazi ya kubeba uzito na ya kukata kona, basi.

Wazo la kutia nguvu katika magurudumu yote manne si la jana. Mwaka 1903 kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilikwisha kujenga gari la namna hiyo. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Clintonville, mafundi wawili, Otto Zachow na William Besserdich, walijenga lao, na mwaka 1909 kampuni ikaanzishwa kwa kazi hiyo. Kamioni za kampuni hiyo zilitumika kwa maelfu katika Vita Vikuu vya kwanza. Lakini hizo zilikuwa gari za pekee, zilizojengwa tangu mwanzo kwa shabaha hiyo. Mkulima na mchukuzi wa kawaida walikuwa na Ford zao, gari za bei nafuu ambazo fundi wa kila mji alizijua.

Herrington na Marmon

Hapo ndipo anapoingia Arthur Herrington. Alizaliwa Uingereza mwaka 1891, akakulia Marekani, akawa fundi mkubwa wa kamioni za jeshi. Mwaka 1931 aliungana na Walter Marmon wa Indianapolis. Jamaa ya Marmon ilikuwa na sifa ya kujenga motokari. Moja yao ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya mji ule, mwaka 1911. Lakini 1931 ulikuwa mwaka wa taabu. Viwanda vilifungwa, watu wengi hawakuwa na kazi. Kuanzisha kampuni mpya siku zile kulihitaji moyo.

Kwanza walijenga kamioni kubwa za magurudumu yote kuvuta, na nyingine zilikwenda jangwani Iraki kubeba mabomba ya mafuta. Kisha, mwaka 1935, wakashika njia nyingine. Badala ya kujenga gari zima, walichukua kamioni ya Ford iliyokwisha kutoka kiwandani, wakaiongezea kile ilichopungukiwa. Shasi ilikuwa ile ile, injini ile ile, na vipuri vingi bado vilipatikana kwa wauzaji wa Ford.

Kazi yenyewe

Tuiangalie kazi hiyo kwa utaratibu, maana yafundisha. Kwanza, ekseli ya mbele yaondolewa, kwa kuwa ni chuma kitupu kisichopitisha nguvu. Mahali pake yawekwa ekseli nyingine yenye difu katikati, kama ile ya nyuma. Pili, nyuma ya sanduku la gia lafungwa sanduku jingine, ambalo kazi yake ni kugawa nguvu. Toka sanduku hilo shafti moja yaenda nyuma na nyingine yaenda mbele. Ile ya nyuma mara nyingi lazima ikatwe, kwa sababu nafasi yake imepungua.

Shida kubwa iko kwenye magurudumu ya mbele. Hayo hukata kona. Basi, nguvu yapitaje katika chuma kilichopindika? Kiungo cha kawaida, kikipindwa sana, huzunguka kwa kushtuka: mara upesi, mara polepole. Ilibidi kutumia viungo vya ufundi zaidi, vyenye kuzunguka sawasawa hata gurudumu likigeuzwa.

Tena kuna sharti ambalo fundi akilisahau kazi yake yote yaharibika: hesabu ya meno ya difu ya mbele lazima ipatane na ile ya nyuma, na matairi yawe ya kipimo kimoja. La sivyo, mbele na nyuma yatashindana, na vyuma vitavunjika. Hata vikipatana, penye barabara kavu na ngumu shofere hufungua nguvu ya mbele, kwa kuwa katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma.

Vita, na baada ya vita

Afrika pia iliiona kazi hiyo. Vita Vikuu vya pili vilipoanza, Afrika Kusini ilitaka gari za vita zenye mabamba ya chuma. Zile za kwanza zilijengwa juu ya shasi za Ford zenye kusukumwa na magurudumu mawili tu. Mara ikaonekana hazitoshi. Za namna ya pili zilitiwa vyuma vya Herrington toka Indianapolis, zikavuta kwa manne. Mwaka 1941 gari hizo zilikuwa katika vita dhidi ya Waitalia katika Afrika ya Mashariki, vita vile vile ambavyo askari wetu wa Kongo walipigana Asosa, Gambela na Saio. Mpaka mwisho zilijengwa zaidi ya 5,000 za namna mbalimbali.

Vita vikaisha, na ufundi ukarudi kwenye kazi za amani: kuzima moto, kulima, kuweka nyaya za umeme milimani. Katika miaka ya 1950 kampuni ya NAPCO ya Minneapolis iliuza vyuma vya namna hiyo kwa ajili ya kamioni za Chevrolet na GMC. Mwishowe wenye viwanda wenyewe waliona haya kuachia wengine kazi hiyo. Ford ilianza kujenga kamioni zake ndogo za magurudumu manne kuvuta mwaka 1959, na Chevrolet ikafuata mwaka 1960. Hata leo mafundi wa Marekani watafuta shasi za siku zile na kuzigeuza kwa mikono yao.

Na sisi je?

Tumesimulia habari hizi kwa sababu katika parokia nyingi twaona kamioni ya zamani. Padri na katekista wasukuma nyuma mpaka wazame. Sisi wengine tuko mbele, twaonekana vizuri, twakwenda tukisukumwa. Siku ya tope twalalamika kwamba misioni imekwama. Hatuhitaji kutupa gari na kuomba jingine toka mbali. Herrington hakulitupa. Alipeleka nguvu mahali ambapo haikuwa ikifika.

Lakini tukumbuke lile sharti la meno. Walei wakivuta huku mapadri wakisukuma kule, bila kupatana, kitakachovunjika ni parokia yenyewe. Tushikamane kwa mwendo mmoja, nasi tutapita. Na masika, ndugu, hayako mbali.