Moshi wa Mmoja, Vifua vya Wengi

Mji wetu wa Lubumbashi ulizaliwa pamoja na moshi. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru za Union Minière zikaanza kuyeyusha shaba. Tangu siku zile wazee wetu walijua jambo ambalo hakuna aliyehitaji kufundishwa darasani: moshi hauchagui kifua. Anayewasha moto ni mmoja, wanaokohoa ni wengi. Katika tafakari hii tunatazama moshi mdogo zaidi, ule wa sigara ndani ya nyumba ambamo watu hukutana, na tunachukua swali ambalo vijana wa parokia zetu hutuuliza mara kwa mara: je, sheria yaweza kweli kumzuia mtu asivute? Historia inalo jibu, nalo lahitaji kusikilizwa kwa utulivu.

Tumbaku si mmea wa asili ya kwetu. Ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika na mabaharia wa Ulaya, kisha ikasambaa bara kwa njia za biashara. Ilizoeleka upesi. Wabemba waliipa jina lao, fwaka, na katika vijiji vingi kumgawia mgeni tumbaku kukawa dalili ya heshima. Hatuyasemi haya ili kuwahukumu wazee. Kwa karne nyingi hakuna mtu, huku kwetu wala Ulaya, aliyejua kilichofichwa katika moshi ule.

Hata Kanisa liliingia mapema katika jambo hili. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alitoa agizo kwa makanisa ya jimbo la Sevilla, nchini Hispania: yeyote atakayetumia tumbaku ndani ya kanisa au katika viwanja vyake, kwa kuvuta, kutafuna au kunusa, atengwe na Kanisa. Mwaka 1650 Papa Inosenti X alikataza vivyo hivyo katika Basilika la Mtakatifu Petro, Roma. Kwa mwamini hakuna adhabu nzito kuliko hiyo. Hata hivyo, mwaka 1725 Papa Benedikto XIII, ambaye mwenyewe alikuwa mtumiaji wa ugoro, aliiondoa adhabu ile ya Basilika. Agizo lilikuwa limelinda heshima ya mahali patakatifu, nalo lilikuwa na haki yake. Lakini halikuweza kumweleza mvutaji madhara anayomtendea jirani aliyepiga magoti kando yake. Hapa tunapata fundisho la kwanza: ukali wa adhabu peke yake hauijengi sheria katika mioyo ya watu.

Sababu ile iliyokosekana ilikuja kujulikana polepole. Mwaka 1950, nchini Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Bado wengi walisema: basi ni shauri lake mvutaji, mwili ni wake. Jibu lilitoka Japani mwaka 1981. Takeshi Hirayama alichapa matokeo ya kuwafuata kwa miaka 14 wanawake 91,540 walioolewa, ambao wao wenyewe hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Wanawake hao hawakuwahi kushika sigara mkononi; kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mvutaji. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitangaza kwamba hakuna kiasi cha moshi wa mwenzako kisicho na hatari. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine.

Baada ya kujulikana hayo, swali la sheria lilibadilika. Halikuwa tena la kumzuia mtu asijidhuru, bali la kumzuia asimdhuru jirani. Mwaka 2003 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005. Kifungu chake cha 8 chazitaka nchi kuwalinda watu wasivute moshi wa wengine mahali pa kazi palipofungwa, katika magari ya abiria na katika nyumba za watu wote.

Je, sheria za namna hiyo zilifanya kazi? Tutazame mifano mitatu. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza sigara katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, pamoja na baa, tarehe 29 Machi 2004. Wengi walicheka, wakisema kwamba Mwairishi hataiacha sigara yake mezani penye bia. Lakini watu walitii. Watafiti walipima mate ya wahudumu wa baa wasiovuta, wakakuta kwamba kotinini, alama ya moshi wa tumbaku mwilini, ilikuwa imepungua kwa asilimia 80. Uskoti ilifuata Machi 2006. Katika hospitali tisa zilizochunguzwa, wagonjwa walioingizwa kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 17, wakati huko Uingereza jirani, ambako sheria ilikuwa bado, walipungua kwa asilimia 4 tu.

Mfano wa tatu ni mdogo lakini wasema mengi. Mji wa Helena, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ulikataza sigara ndani ya nyumba za watu wote mwezi Juni 2002. Baada ya miezi sita sheria ikasimamishwa. Katika miezi ile sita, walioingia hospitali kwa shambulio la moyo walikuwa 24, wakati katika miezi iyo hiyo ya miaka mingine walikuwa 40 kwa wastani. Sheria ilipoondoka, hesabu ikapanda tena. Ni kweli kwamba mji mdogo hautoshi kuwa kipimo cha dunia, na uchunguzi mkubwa wa baadaye ulionyesha punguzo dogo zaidi. Lakini mwelekeo ulikuwa uleule.

Tukirudi karibu na kwetu, twaona sura mbalimbali. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2003, ikaacha vyumba maalumu vya wavutaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, nayo iliacha sehemu za wavutaji. Zambia, jirani yetu ng'ambo ya Kasumbalesa, ilitoa kanuni zake mwaka 2008. Uganda ilipita njia ya mahakama: mwaka 2002 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuvuta mbele ya watu kwavunja haki yao ya kuishi katika mazingira safi. Kisha sheria ya mwaka 2015, iliyoanza Mei 2016, ikakataza sigara kabisa ndani ya nyumba za watu wote na za kazi, na hata umbali wa mita 50 kuzizunguka. Kampuni ya tumbaku iliishtaki sheria hiyo, na Mei 2019 ikashindwa. Hapa pana fundisho la pili. Chumba cha wavutaji hakina ukuta mbele ya moshi, maana mlango hufunguliwa, na mhudumu lazima aingie kuwapelekea watu vinywaji. Sheria yenye mlango wazi hulinda nusu.

Nchi yetu haikubaki nyuma katika maandishi. Kongo iliuridhia Mkataba ule mwaka 2005, na Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya afya ya watu wote, imeitaja tumbaku pia. Lakini karatasi haizuii moshi. Katika nganda nyingi za mji wetu, vijana wa kike na wa kiume wanaohudumu usiku hurudi nyumbani alfajiri na nguo zinazonuka sigara ambazo hawakuvuta. Katika siku hizi chicha nayo imeingia, na wengi hudhani kwamba maji yale yausafisha moshi, jambo ambalo si kweli. Tanzania iliikataza chicha mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017.

Tunasikia pingamizi, nalo ni la haki: kwetu, kila sheria mpya yaweza kugeuka njia ya kudai matabishi. Askari atamkamata kijana maskini mwenye sigara moja, na kumwacha tajiri katika hoteli. Pingamizi hili lisitufanye tuikatae sheria. Lituongoze kuuliza ni nani awajibike. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nchini Ireland mwenye baa alibeba wajibu kabla ya mteja: ndiye aliyepaswa kubandika tangazo na kumwomba mvutaji atoke nje. Mwenye nyumba ana anwani na ana kibali cha biashara. Kumkagua mchana mbele ya watu ni wepesi kuliko kuwafukuza wavutaji usiku. Na pale ambapo wananchi walielezwa sababu miezi mingi kabla, askari hawakuwa na kazi kubwa.

Tukiyajumlisha haya, twaona kwamba sheria hufaulu inapokutana na mambo matatu: sababu ambayo watu wameielewa, katazo lisilo na vyumba vya kujificha, na mwenye nyumba anayewajibika. Pakikosekana moja, hulegea, kama ilivyolegea ile ya karne ya 17.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula na pombe inapofundisha kiasi, na papo hapo yaonya juu ya kuhatarisha usalama wa wengine. Mambo haya mawili hayatenganiki. Anayetaka kuvuta ni ndugu yetu, na mara nyingi ni mfungwa wa mazoea ambayo angependa kuyaacha, tusimdhihaki. Lakini mama mjamzito aliyeketi karibu naye katika chumba cha matanga ni ndugu yetu pia, na yeye hakuchagua.

Kwa hiyo, vijana wapenzi, msingojee serikali katika mambo yaliyo mikononi mwenu. Ukumbi wa parokia, chumba cha mazoezi ya kwaya, gari mnalokodi kwenda kuhiji, nyumba mnamokesha na wafiwa: hapo ninyi ndio wenye nyumba. Bandikeni tangazo, mweleze sababu kwa heshima, na mwonyesheni mvutaji kiti cha nje chini ya mti. Siku ile mkaguzi wa serikali atakapofika mtaani kwenu, atawakuta watu ambao wamekwisha kuizoea sheria.