Hija ya Rusizi: Kibali Kwanza, Nauli Baadaye

Bugarama iko pembeni kabisa mwa Rwanda, pale Mto Rusizi unapozikutanisha Rwanda, Burundi na Kongo. Ni bonde la chini kuliko sehemu nyingine zote za nchi, kiasi cha mita 950 tu kutoka usawa wa bahari, lenye joto, mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Hapo, na kule juu katika mji wa Kamembe, Uislamu na Kiswahili vimekaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka mia. Ni mahali pazuri pa kuulizia swali ambalo vitabu vya fiqhi hulijibu kwa ufupi: mtu wa huku angefikaje Makka? Wanazuoni husema hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo huo si fedha peke yake, wanahesabu pia afya na usalama wa njia. Kwa eneo hili, Cyangugu ya zamani na Rusizi ya leo, nikitazama historia yake, naona kwamba mara nyingi njia ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko nauli.

Wajerumani waliweka kituo chao Shangi, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1898. Walifuatana na askari, wapagazi na wakalimani waliotoka pwani, Tabora na Ujiji, wengi wao Waislamu, na nyuma yao wakaja wachuuzi. Mwaka 1913 Kigali ikapata msikiti wa kwanza wa nchi, Al-Fatah wa Nyamirambo. Miaka mitatu baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Wabelgiji waliiteka Rwanda, na mambo yakabadilika.

Wabelgiji waliegemea Kanisa. Waliwaona Waislamu kuwa watu wa kuja, hata waliokuwa Wanyarwanda kwa baba na mama, wakawatengea makazi yaliyoitwa kambi za Waswahili. Mkazi wa kambi hakutoka apendavyo: safari ilihitaji kibali. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, kwa hiyo watoto wengi wa Kiislamu hawakuzipata, wakaishia kwenye biashara ndogo, ushonaji na udereva. Mwanahistoria José Hamim Kagabo, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda, ameieleza hali hiyo kwa kirefu. Nami naona kuna kejeli hapo. Serikali iliyowazuia kutembea iliwasukuma kwenye kazi za barabarani, na dereva na mchuuzi ndio waliozijua njia zote za kutokea.

Na njia yenyewe ilikuwaje? Kwa mtu wa Cyangugu, dunia ilikuwa upande wa kusini. Unashuka bonde la Rusizi hadi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kisha unapanda meli ya Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu zao wenyewe za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila usumbufu. Gunia la kahawa lilikuwa na mkataba wa kimataifa wa kulisafirisha. Mwislamu aliyetoka bonde lilelile ilimbidi apige hodi kwanza ofisi ya mkoloni wake, kisha kwa Waingereza wa Tanganyika.

Kutoka Dar es Salaam au Mombasa safari ilikuwa ya bahari hadi Aden, kisha Jedda. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kupanga hija kwa pepo: jahazi lilipanda na kusi, likarudi na kaskazi, na kwa kuwa mwezi wa Dhulhija unasogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kuna miaka pepo na hija vilipishana kabisa. Mtu wa Rusizi aliingia katika Uislamu zama za meli za moshi, kwa hiyo adha hiyo hakuikuta. Badala yake ilikuwapo Kamaran, kisiwa cha Bahari ya Shamu ambako tangu mwaka 1882 meli za mahujaji kutoka kusini zilisimamishwa kwa karantini, watu wakakaguliwa na nguo zao zikatiwa mvuke kwa hofu ya kipindupindu.

Safari kama hiyo ilikula miezi. Ndiyo maana maandalizi yake yalianza nyumbani: kulipa madeni, kuandika wasia, kurudisha amana za watu, kuwaachia mke na watoto matumizi ya kuwatosha mpaka mtu arudi, na kupita kwa majirani kuomba radhi. Leo haya husomwa katika darasa la manasiki, yaani taratibu za hija, kama orodha ya adabu. Enzi hizo mtu alijua wazi kwamba huenda asirudi.

Uhuru ulikuja mwaka 1962, na mwaka 1964 Waislamu wakaanzisha chama chao cha nchi nzima, AMUR, ambacho sasa ni Jumuiya ya Waislamu wa Rwanda. Ndege ikaifupisha safari kutoka miezi hadi wiki chache, na mlango wa kutokea ukahama. Mhujaji wa Rusizi sasa huelekea mashariki, kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe au kwa ndege ya Kamembe, hadi Kigali. Ile njia ya bondeni ilizibwa Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda, kituo cha Ruhwa kikiwa kimojawapo.

Kibali nacho hakikufa, kimehamia kwingine. Baada ya vurugu za Makka za mwaka 1987, mawaziri wa nchi za Kiislamu walikubaliana mwaka 1988 kwamba kila nchi ipewe nafasi moja kwa kila Waislamu elfu. Sensa ya Rwanda ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, Waislamu wakiwa kama asilimia 2. Piga hesabu: ni nafasi mia mbili na ushei kwa nchi nzima.

Halafu kuna maradhi. Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ikiua mashariki mwa Kongo, Saudi Arabia ilisitisha viza kwa wasafiri kutoka Kongo. Bukavu na Kamembe zinatazamana kwa daraja tu, na kuna familia zenye watu pande zote mbili. Fikiria ndugu wawili waliodunduiza pamoja, mmoja ana pasipoti ya Rwanda, mwingine ya Kongo. Mwaka uliofuata Korona iliwafungia wote: hija ya 2020 ilikuwa ya watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inabaki sharti kwa kila anayekwenda.

Kwa wanawake, mambo yamelegea. Saudi Arabia ilitangaza mwaka 2022 kwamba mwanamke anaweza kuhiji bila maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume, jambo linalowagusa hasa wajane, ingawa masheikh wengi bado wanabishana nalo.

Anayeanza kuweka akiba sasa ana hesabu nyingine ya kufanya, ya jua. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50 na watu zaidi ya 1,300 wakafariki, wengi wao wakiwa hawana kibali, hivyo hawakuwa na mahema wala mabasi rasmi. Mkulima wa mpunga wa Bugarama huenda akastahimili kuliko jirani yake wa Kamembe, mji wenye baridi ya ziwa ulio juu yake kwa mita mia sita hivi, lakini nyuzi hizo hazizoeleki kwa mtu wa popote. Hija ya 2025 ilikuwa ya mwisho kuangukia kiangazi cha huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa miaka minane hivi itakuwa katika majira ya kuchipua, kisha itaingia kipupwe. Mzee wa miaka sitini anayehitaji miaka mitano ya kudunduiza atafika Arafa katika mwezi wa Machi au Aprili, ilimradi jina lake liwe limeandikwa mapema.