Moto Uliounda na Kuharibu Sukari

Katika nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha sukari ipatayo gramu 200. Zikikaribia kuchemka, huyeyusha karibu gramu 490. Chumvi haina tabia hiyo: hupanda kutoka gramu 36 hadi 39 tu. Ndiyo maana mvuna chumvi huliachia jua kazi yake, ilhali mpika sukari, tangu India ya kale lilikoanzia neno “sukari”, hana budi kuwasha moto. Huchemsha maji ya miwa mpaka yawe shira nzito, kisha huipoza, ili sukari ambayo maji yaliyopoa hayawezi tena kuibeba ijitenge kuwa fuwele. Naamini joto hilo ndilo lililojenga kiwanda cha sukari, kuliko muwa wenyewe.

Atatokea wa kupinga: fuwele huja kwa sababu maji yamepungua, kupoa kuna nini? Hoja yake ina uzito, kwani maji yasipopungua hakuna shira. Lakini tutazame Louisiana mwanzoni mwa karne ya 19. Watumwa walisimama mbele ya safu ya masufuria wazi, usiku na mchana msimu wa mavuno, wakihamisha maji ya miwa kwa pawa kutoka sufuria hadi sufuria, huku shira yenye moto kuliko maji yachemkayo ikiwaunguza. Ilipoiva ilimwagwa katika vihori ipoe, na humo ndimo punje zilimojitokeza. Molasi ilichuruzika baadaye kwa siku nyingi. Tena moto ukizidi kidogo, shira iliungua, ikawa nyeusi, na sehemu ya sukari haikuganda kamwe.

Mwingereza Edward Charles Howard alipata hataza mwaka 1813 kwa sufuria lililofungwa, hewa ikivutwa kwa pampu ili shira ichemke kwa joto dogo. Norbert Rillieux, mtu huru mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806, akaenda mbali zaidi: katika hataza yake ya 1843, mvuke wa chombo kimoja ulichemsha kinachofuata, chenye kanieneo ndogo zaidi. Kuni zikapungua sana, na pawa zikawekwa kando. Ni kweli kwamba ndani ya sufuria la Howard fuwele huota shira ikiwa bado inachemka. Hata hivyo shira inayobaki huwa imeshika sukari nyingi, na mpaka leo viwanda huikorogea polepole katika matangi ya kupozea ili iiachie.