Utunzaji wa meno na fizi baada ya kusafishwa, wilayani Rungwe

Utunzaji wa meno na fizi baada ya kusafishwa ni kazi ya nyumbani inayoanza pale mtaalamu wa kinywa na meno anapomaliza kuondoa ukoga na ugaga. Ukoga ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, hunyonya madini yaliyomo kwenye mate na ndani ya siku chache huanza kugeuka ugaga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuubandua.

Rungwe ni nchi ya chai. Zao hilo lilipandwa Kyimbila, karibu na mji wa Tukuyu, mwaka 1904, miaka miwili baada ya kupandwa Amani huko Usambara. Tanini ya chai ya rangi hutia meno madoa, na ndiyo maana wataalamu wengi hushauri aliyesafishwa aiache kwa siku moja au mbili, pamoja na kahawa na tumbaku. Asiyeweza kukaa bila chai katika asubuhi za baridi za Tukuyu anywe ya maziwa: protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana na tanini, na madoa hupungua. Mmea wa chai pia hukusanya floridi kutoka ardhini, na floridi huimarisha jino. Hata hivyo faida hiyo haimkingi mtu anayekunywa chai yenye sukari nyingi kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni. Sukari ni adui mkubwa kuliko doa.

Fizi huuma na kuvuja damu kidogo kwa siku mbili tatu, na maji baridi huweza kuchoma meno kwa wiki moja au zaidi. Wengi huogopa damu hiyo, wakaacha kupiga mswaki mahali inapotoka. Hilo ni kosa, kwa kuwa fizi iliyovimba hupona kwa kuondolewa bakteria, na isiposafishwa bakteria hurudi. Mswaki uwe laini, usiminywe kwa nguvu, upitishwe polepole pale jino linapokutana na fizi, mara mbili kwa siku, ya usiku ikiwa ya lazima. Dawa ya meno iwe yenye floridi. Povu litemwe bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa hadi ulainike. Mkaa, majivu na mchanga havifai kabisa, kwani husugua shina la jino ambalo sasa liko wazi. Maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, hutuliza fizi lakini hayachukui nafasi ya mswaki. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini itumike kwa muda alioagiza mtaalamu tu, maana ikizidi hutia meno rangi ya kahawia, na chai huongeza rangi hiyo.

Imani inayowazuia wengi kurudi ni kwamba kusafishwa kunalegeza meno na kuyaachia mianya. Mwanya huo ulikuwepo. Ugaga ulikuwa umeuziba. Uvimbe wa fizi ukishuka, jino huonekana refu zaidi, na lililokuwa limeshikiliwa na ugaga huanza kucheza kwa sababu mfupa wake ulikwishaliwa na ugonjwa kabla.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walipata uvimbe wa fizi; waliporudia mswaki, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Baadaye, kuanzia mwaka 1970, Löe alifuatilia vibarua wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Katika asilimia 8 ya watu hao ugonjwa wa fizi ulikwenda kasi, asilimia 81 ulikwenda taratibu, na asilimia 11 haukusonga mbele. Tofauti hiyo inafundisha kwamba haifai kujilinganisha na jirani ambaye hapigi mswaki na meno yake yangali imara.

Wenye kisukari, wavutaji sigara na wajawazito wanahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Damu inayoendelea zaidi ya wiki, usaha, uvimbe wa shavu au jino linalozidi kucheza ni sababu ya kurudi mapema. Mji wa Tukuyu una hospitali ya wilaya ya Makandana, na matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, umbali wa kilomita zipatazo 70. Aliyesafishwa chini ya fizi arudi kukaguliwa baada ya miezi miwili au mitatu, hata kama hasikii maumivu yoyote, kwa sababu ugonjwa wa fizi huweza kula mfupa kwa miaka bila kuuma.