Likasi na orodha za wasiotakiwa

Mwaka 1992 stesheni ya Likasi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, iligeuka kambi. Makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala hapo na kwenye madarasa ya shule, wakisubiri treni ya kuwarudisha “kwao”, ambako wengi hawakuwahi kukanyaga kwa kuwa walizaliwa Katanga. Waliokuwa mstari wa mbele kuwatoa majumbani ni vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI.

Nalikumbusha hili kwa sababu ya swali jingine linaloulizwa siku hizi: je, chama cha vijana, kiwe cha skauti, cha parokia au cha siasa, kimkatae kijana kwa kuwa anapenda watu wa jinsia yake? Wengi huliona kama swali la ugenini. Huenda. Ila suala la nani aingie na nani atolewe, Likasi imelijibu zaidi ya mara moja.

Enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Jadotville, jibu lilikuwa rangi. Reli iliyokamilika mwaka 1928 kutoka Port-Francqui hadi Bukama iliirahisishia kampuni ya madini ya Union Minière kuwaleta wafanyakazi kutoka Kasai. Wamisionari wakawapa watoto wa wafanyakazi hao mpira, kwaya na skauti. Watoto wa Kizungu walikuwa na mitaa yao na shule zao. Baada ya uhuru, Rais Mobutu akaja na jibu la kinyume. Mwishoni mwa 1972, katikati ya ugomvi wake na Kardinali Malula, vyama vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku na kila kijana akahesabiwa kuwa wa JMPR, tawi la vijana la chama chake pekee, apende asipende. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyeulizwa.

Kisha JUFERI. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu, nafasi iliyokuwa ya Nguz a Karl-i-Bond wa UFERI. Gavana wa jimbo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mtu aliyesimama pamoja na Tshisekedi mwaka 1980 katika wale wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya kumkosoa. Sasa aliwaita Wakasai “bilulu”, wadudu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa inaporomoka, ajira imekauka, na kijana asiye na kazi alikuta katika JUFERI cheo cha kujivunia na jirani wa kumlaumu. Machi 1993 ikawa zamu ya Wakasai wa mji wa Kolwezi.

Kuna atakayenijibu kwamba kabila mtu huzaliwa nalo, ilhali mapenzi ya jinsia moja ni mwenendo. Hoja hiyo isipuuzwe, maana ndipo ubishi wote ulipo. Sheria za Kongo hazijayataja mapenzi hayo kuwa kosa. Miswada ya 2010 na 2013 iliyotaka hivyo haikupita, ingawa Juni 2024 waziri wa sheria, Constant Mutamba, aliwaagiza waendesha mashtaka wachukue hatua. Kwa upande wa Kanisa, Januari 2024 Kardinali Ambongo, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alikataa wapenzi wa jinsia moja kubarikiwa. Lakini Katekisimu, iliyoidhinishwa mwaka ule ule wa 1992, inayakataa matendo hayo na papo hapo inataka watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima, bila kubaguliwa isivyo haki. Kiongozi wa Kiro au Xaveri, vyama vya vijana Wakatoliki, anaweza basi kuwadai wanachama wake wote mwenendo mmoja, na hapo simpingi: chama cha kanisa si uwanja wa soko. Kumtoa mvulana wa miaka 15 kwa sababu ya sauti yake au uvumi wa mtaani ni kumhukumu kwa alivyo, kama JUFERI walivyofanya.

Wazazi wana hofu nyingine, ya usalama wa watoto, na hiyo ndiyo nzito zaidi. Skauti wa Marekani walikuwa na sera ya kuwakataa mashoga. Walimtoa kiongozi kijana, James Dale, mwaka 1990, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ikawapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Walilegeza masharti kwa vijana kuanzia 2014, na kwa viongozi watu wazima mwaka 2015. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika, na wakati wa kesi yakapokewa madai zaidi ya 82,000 ya watu waliosema walinajisiwa wakiwa watoto skautini, mengi yakiwa ya miaka ambayo mlango ulifungwa kwa mashoga. Waliotuhumiwa waliingia kwa mlango wa mbele, wakiwa na sare na sifa njema.

Mwenye kundi la watoto Kikula au Panda, hapa Likasi, anayetaka kweli kuwalinda ana maswali ya kuanzia: ni nani anayebaki peke yake na mtoto kambini, ufunguo wa bweni anao nani, na mtoto akiguswa vibaya ataenda kumwambia nani asiye rafiki wa kiongozi.