Kuunda Pua bila Kisu

Uso wa mwanadamu una viungo vingi, lakini pua ndiyo iliyowekwa katikati. Macho hufumbwa na midomo hufungwa. Pua haina pa kujificha. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wamezitazama pua za wenzao, wakazisifu au wakazicheka, na wengine wameona haya kwa pua zao wenyewe. Huenda hata wewe, msomaji, umewahi kusimama mbele ya kioo, ukaibana pua yako kwa vidole viwili ili uone ingekuwaje kama ingalikuwa nyembamba kidogo. Ikiwa umefanya hivyo, usione aibu. Wengi wamekutangulia, na habari zao zina mafunzo.

Kwanza tujiulize: ni nani aliyeamua kwamba pua hii ni nzuri na ile ni mbaya? Mwaka 1848 Mwingereza mmoja, George Jabet, akitumia jina la Eden Warwick, alitoa kitabu kizima cha kueleza kwamba tabia ya mtu husomeka katika pua yake. Pua za Warumi na Wayunani wa kale zilipewa sifa kubwa. Pua fupi ikahesabiwa kuwa dalili ya udhaifu. Hiyo haikuwa elimu, bali ilikuwa dhana iliyovikwa joho la elimu. Lakini dhana za namna hiyo zilisafiri mbali, zikafika hata kwa jirani zetu. Nchini Rwanda, wakati wa utawala wa Wabelgiji, pua za watu zilipimwa urefu na upana, na vipimo hivyo vikatumiwa kutetea neno kwamba Watutsi ni bora kuliko Wahutu. Katika miaka ya 1933 na 1934 watu waliandikiwa kabila lao katika vitambulisho. Katika mauaji ya mwaka 1994, kabila lililoandikwa katika kitambulisho lilikuwa hukumu ya kifo kwa wengi. Basi aionaye pua yake kuwa ni mbaya, mara nyingi amelitwaa neno la mtu mwingine akalifanya lake.

Palipo na haya, hapakosi mfanya biashara. Katika karne ya 19, huko London, Alexander Ross alitangaza magazetini mashine ya kuvaliwa puani saa moja kila siku, akiahidi kwamba pua itanyoka. Baadaye, katika miaka ya 1920, magazeti ya Marekani yalijaa matangazo ya M. Trilety wa mji wa Binghamton, aliyeuza kwa posta kibano cha chuma chenye skrubu za kukazia. Mnunuzi aliweza kukivaa usiku akiwa amelala, na asubuhi akaenda kazini bila mtu kujua. Waswahili husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, vibano hivyo vilifaa? Jaribu mwenyewe. Likunje sikio lako, kisha uliachie. Mara moja litarudi lilivyokuwa. Sehemu ya chini ya pua imefanywa kwa gegedu kama lile la sikio. Ukiibana usiku kucha, asubuhi itarudi. Sehemu ya juu ni mfupa, na mfupa wa mtu mzima haugeuzwi umbo kwa kubanwa hivyo. Ni kwa mtoto mchanga tu, katika majuma ya kwanza, gegedu huwa laini kiasi cha kufinyangika. Madaktari hutumia nafasi hiyo kwa watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, wakiinyanyua pua kwa kifaa maalumu kabla ya kuwapasua.

Kibano kilipoteza fedha tu. Sindano iliyofuata ilipoteza zaidi. Mwaka 1899, mjini Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kudunga chini ya ngozi mafuta mazito ya jamii ya vaselini ili kujaza mahali palipobonyea. Baadaye parafini ngumu, yaani nta itumikayo katika mishumaa, ilitumiwa vivyo hivyo. Tusimdharau daktari huyo. Siku hizo kaswende haikuwa na dawa ya kuaminika, nayo ilikula mifupa ya pua mpaka mgongo wa pua ukaporomoka. Mgonjwa alitembea na siri yake usoni, watu wakimkimbia. Kwa mtu kama huyo, sindano ya nta ilikuwa rehema.

Lakini dawa ya wagonjwa iligeuka kuwa pambo la wazima. Gladys Deacon, Mmarekani aliyezaliwa Paris mwaka 1881, alisifiwa Ulaya nzima kwa uzuri. Hata hivyo alitamani pua iliyonyoka kama ya sanamu za Wayunani. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 22, alidungwa parafini kwenye mgongo wa pua. Nta haikukaa. Baada ya muda iliteremka taratibu mpaka kidevuni, ikaacha uvimbe na makovu. Mwaka 1921 aliolewa na mtawala wa jumba la Blenheim, lakini uzuri aliotaka kuutimiza ulikuwa umeharibika. Uzeeni alijitenga na watu, akafariki hospitalini mwaka 1977. Macho yake, yaliyochorwa mwaka 1928 kwenye dari ya baraza ya Blenheim, yangali yakiwatazama wageni.

Mwaka huo huo wa 1903 madaktari wawili wa New York walitoa habari za mgonjwa aliyepofuka jicho baada ya kudungwa parafini puani. Habari kama hizo zilizidi, na madaktari wakaiacha nta. Hata hivyo tamaa haikuachwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuja silikoni ya maji, nayo ikaleta uvimbe na vidonda. Mwaka 1981 Marekani iliruhusu kolajeni itokanayo na ngozi ya ng'ombe. Kisha ikaja asidi ya hayaluroni, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 1996 na Marekani mwaka 2003. Hii ni bora kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa huyeyuka yenyewe kwa muda, na daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa. Lakini kumbuka mambo mawili. Sindano huongeza, haipunguzi. Huweza kujaza bonde, haiwezi kuondoa kilima. Tena mishipa ya damu ya puani imeungana na ile ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa huweza kusukumwa nyuma mpaka jichoni na kuziba damu, na mtu akapofuka kwa dakika chache, sawasawa na yule wa mwaka 1903. Kisu hakikutumika, lakini hatari ilikuwapo.

Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nasita kumtupia Gladys Deacon methali hiyo. Alijidunga, ni kweli. Lakini mwiba ulichongwa na wengi: waliopima pua, waliotangaza, na waliocheka. Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoambiwa kwamba jambo ni rahisi kwa sababu halina kisu, uliza ni kitu gani kitakachoingia mwilini, na kitatokaje. Na kabla ya siku hiyo, utakapotaka kumcheka mwenzako darasani kwa pua yake, zuia ulimi wako. Hujui neno lako litamfikisha wapi.